Jina Ulilolizika Jandoni

Ruangwa,
Jumatano, 11 Juni 2025

Kaka yangu Twalha,

Asalaam aleykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, Shakila na watoto pia, na ufuta umekwisha kuukung'uta bila hasara. Mimi mwili hauna neno, ila roho haijatulia tangu jana. Nimemkabidhi barua hii jirani yangu Rahel, anayekuja kwao Kiegei leo, akupe mkononi. Simu yako huipokea yeyote aliye karibu nayo, na haya si ya kila sikio. Isome peke yako.

Kazi yangu hapa unaijua: kuingiza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwezi uliopita tuliletewa programu mpya ya kurushia orodha zetu makao makuu. Haina picha wala vitufe. Ni skrini nyeusi tu, unaandika amri kwa maneno, unabonyeza, inakwenda. Mwalimu wetu, Bwana Felisian, alisisitiza kwamba kwenye amri tuweke jina la mtumiaji peke yake, kisha mashine yenyewe ituulize neno la siri. Akasema tukiliandika halitaonekana, tusishangae.

Mimi nikashangaa. Kila nikiandika sioni kitu, nikadhani mashine haipokei. Basi nikawa naliandika neno la siri palepale kwenye amri, baada ya jina, natenganisha kwa nukta mbili, nilione kwa macho yangu. Ujanja wa mbumbumbu, kaka. Wiki tatu ikanikubalia.

Jana ikagoma. Mkuu wangu alitaka orodha iwe imekwenda kabla ya saa nane. Nikaipiga picha skrini, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp, watu arobaini wa vituo vya Ruangwa na Nachingwea, nikiomba msaada. Koleta wa kituo cha Mtua akanipigia akifoka kwamba nimeanika neno la siri mbele ya watu wote. Nikaitazama ile picha: jina, nukta mbili, neno la siri, yote waziwazi. Nikakimbilia kuifuta, nikashindwa mara mbili. Neno nimekwisha kulibadilisha, na mkuu nimemweleza. Lakini robo saa ilikuwa imepita.

Jioni akanipigia Hamidi. Ndiyo, shemeji yako Hamidi, kaka yake Shakila. Naye yumo kwenye kundi hilo. Alikiri kwamba alilijaribu neno lile, aone kama kosa ni langu au la mashine, na orodha ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi ikamfungukia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, mtu wa Kiegei wa miaka thelathini na nane, mwenye jina lile, ni nani.

Jina lile, kaka. Sitaliandika hapa, kwani kwetu mtu akishatoka jandoni, kumwita jina la utotoni ni kumtukana. Ulijiandikisha kliniki kwa jina hilo ukidhani huku hakuna atakayelijua. Umesahau kwamba wewe na Hamidi mliingia jando moja.

Na mimi nalijua. Sasa nikiri: nimeijua siri yako miaka miwili. Unamuaga Shakila kwamba unakwenda kwa mjomba Mbekenyera, unachukua dawa hukohuko, kumbe orodha zote za wilaya hupitia mikononi mwangu. Siku ya kwanza nilipoliona nilijifungia chooni nikalia. Nikanyamaza, kwa kuwa kazi hainiruhusu kusema, na kwa kuwa nakupenda. Nimekula pilau ya Shakila Idi mbili nikimtazama usoni. Vipimo vyako ni vizuri sana, virusi havionekani, nashukuru Mungu. Lakini panapouliza kama mwenza amepima, pameandikwa hapana.

Hamidi aliponiuliza nilitaka kusema simjui. Badala yake nikalia, na kilio kikamjibu. Amesema dada yake ni mmoja tu, na Ijumaa baada ya swala atakuja kwenu. Naogopa, kaka. Naogopa atakachosema, naogopa utakavyonichukia, na zaidi naogopa Shakila kulisikia kwa mwingine. Una leo na kesho. Mwambie wewe mwenyewe, kisha mje apime hapa Ruangwa. Nitawapokea stendi hata kama hutanisalimu.

Wabusu watoto. Shakila usimpe salamu zangu mpaka uwe umemwambia.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,

Mwamina