Ndege ya Saidi na Tangazo Lisilomaliziwa

Jumapili, mchana. Milima ya Uluguru haionekani tangu asubuhi, mawingu yameshuka mpaka kwenye mabati ya nyumba za juu. Manyunyu yenyewe hayanyeshi wala hayakatiki. Nami nipo hivyo hivyo.

Jana ilikuwa arobaini ya kaka yangu Saidi. Nimeharibu. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kunisikiliza, na wana haki.

Nianze na ndege. Tulipokuwa wadogo, mimi na Saidi tulikuwa na shirika letu la ndege, la kichwani tu. Ndege yenyewe ilikuwa ya abiria, ya miaka ya hamsini, mabawa pembetatu kama sambusa, injini nne nyuma. Hakuna kiwanda duniani kilichowahi kuiunda. Saidi aliichora kwenye daftari la hesabu, na hata tulipokuwa watu wazima wenye ndevu alikuwa anakaa barazani anajifanya rubani: "Abiria wa Mgeta, karoti zenu wekeni chini ya viti!" Mama alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa kanga.

Mwaka huu, ugonjwa wa figo ulipomzidi, tukaanza kuiunda kweli, ndogo, ya kukaa mezani. Mwili ni bomba la maji la plastiki, mabawa ni ubao mwembamba ambao Saidi aliukata mwenyewe akiwa amekaa kitandani. Alipofariki nikaimalizia peke yangu. Msasa, rangi, msasa tena. Madirisha nimeyatoboa moja moja kwa sindano ya moto. Kila nikiiweka ilikaa kitako, pua juu, maana mabawa ya namna hii yanavuta uzito nyuma. Ikabidi niikate pua niijaze misumari. Wenzangu wanapokea wageni, mimi nimejifungia na gundi. Niseme ukweli: nilikuwa namkimbia Mama.

Mama hajacheka tangu tumzike Saidi. Kulia kwenyewe hajalia. Anaitikia salamu, anakaa, basi.

Jana baada ya kisomo nikaiweka ndege mezani, pembeni ya sinia la pilau. Watu wakaitazama kwa heshima. Ndipo mtani akaja.

Kwa asiyejua: sisi Waluguru, Wanyamwezi ni watani zetu, na msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Atakwapua sufuria, atamwiga marehemu, atakutukana na wewe utacheka. Hukasiriki. Hata mtoto mdogo anajua hilo. Mtani mwenyewe, Mama Nyamizi, ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na alimzoea Saidi kuliko hata shangazi zetu.

Akavaa barakashia ya Saidi. Akainyakua ndege, akaanza kuzunguka nayo uani, amebana pua, sauti ile ile ya Saidi, wallahi nilishtuka. "Abiria, tupo juu ya Matombo. Tunageuza, rubani amesahau figo zake mezani!"

Watu hoi kwa kicheko. Na Mama akacheka. Nilimwona kwa macho yangu, mabega yanatikisika, kanga mdomoni.

"Na sasa," Mama Nyamizi akasema, "rubani ana tangazo kwa mama yake mzazi..."

Nikamnyang'anya.

Sijui nilipatwa na nini. Labda ni zile figo. Labda ni rangi, haikuwa imekauka vizuri, nikaona vidole vyake kwenye bawa. Jambo dogo kama hilo! Nikavuta, bawa la kushoto likakatika, nikapiga kelele: "Acha! Huna adabu!" Kumwambia mtani hivyo. Kwenye arobaini.

Mama Nyamizi akavua barakashia, akaiweka juu ya kiti taratibu. "Haya, mtani. Yaishe." Akaondoka bila kula. Mjomba akaniambia mbele ya wageni kwamba mtani akitoka na njaa, msiba haujaisha.

Leo asubuhi nimempelekea Mama chai. Hakuniangalia. Baadaye akauliza, polepole, "Hivi lile tangazo lilikuwa linasemaje?"

Nikajaribu. Nikabana pua, nikasema "Abiria...", nikarudia tena. Sauti ya Saidi haikuja. Na hata ingekuja, sikuwa na tangazo lolote la kumpa.

"Acha tu, mwanangu," akasema, akageukia ukutani.

Bawa sijaligundisha. Sina hamu nalo.

Mvua ikikata nitakwenda kwa Mama Nyamizi. Isipokata nitakwenda vilevile. Nitapiga hodi, nitamwomba radhi, atanitukana na nitanyamaza. Kisha nitamwomba aje amalizie lile tangazo, Mama anasubiri.

Najua atakuja, hana kinyongo yule. Ninachoogopa ni kingine. Je, kama alikuwa analitunga pale pale, na sasa limeshamtoka?