Kipimo cha Ukimya

Dada mpenzi,

Mimi mzima, ila mgongo unaniuma na kiti bado ni kilekile kibovu. Wanaotengeneza programu za kupiga simu kwa intaneti wanazidi kuuchukua msimbo wangu wa kompyuta, ule wa kusafirisha sauti ninaougawa bure, kisha wananiletea malalamiko kana kwamba waliniajiri. Nimechoka, dada. Mmoja aliandika zamani kwamba bibi yake hasikiki kwenye simu. Nikamjibu, "Mwambie apaze sauti," nikamaliza.

Sasa kuhusu Mama. Uliniuliza kwa nini nimeacha kupokea simu zake za Jumapili, nikakufokea kwamba tangu atoke hospitali anapiga halafu ananyamaza, ana kinyongo kwa sababu sikuja kumuuguza.

Jana nililisoma upya lile lalamiko la bibi, nikaufungua msimbo wangu. Ili kubana matumizi ya intaneti, niliwahi kuandika humo mstari mmoja: sauti ikiwa chini ya kiwango fulani, ihesabiwe kuwa kimya, isitumwe. Programu mnayopigia hapo nyumbani imejengwa kwa msimbo huohuo. Na Mama, tangu augue kifua, anaongea kwa kunong'ona.

Hakuninunia. Alikuwa anaongea, na mimi ndiye niliyekuwa namkata sauti.

Mstari nimeufuta. Sasa zitasikika feni, sufuria na majirani; wacha wanilalamikie. Mwambie apige Jumapili, asijikaze. Na umuulize taratibu, dada, Jumapili zote hizo alikuwa ananiambia nini.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa sauti.