Nawab au Shamsher

Jumapili, 14 Januari 2024

Wamekuja. Watu saba, magari mawili, na ukungu wote ule barabarani. Wamekula mboga ya haradali na mikate ya mahindi mpaka sufuria ikabaki inang'aa, kisha wakatangaza kwamba hawataki kitu. "Tunataka binti tu," alisema Baba Mkubwa Balkar. Huyu ni kaka yake baba wa Gurtej, kijana anayeniposa, na ndiye mwenye sauti kwao. Baba mtu mwenyewe yupo yupo tu.

Mama akashusha pumzi. Mapema mno! Mzee alikuwa bado anafuta vidole. Akaongeza mzee huyo: ila kijana anapenda sana hizi pikipiki mpya zilizoundwa kwa sura ya zamani. Kuna Shamsher, kuna Nawab. Yoyote kati ya hizo. Kwao ni mamoja, pikipiki zenyewe zinafanana kama pacha.

Sheria imekataza upande wa binti kumlipia bwana harusi. Ndiyo maana inaitwa zawadi.

Nimeosha vyombo vyao kwa hasira hadi bilauri moja imepasuka. Mama kasema ni dalili njema. Kwa Mama kila kitu ni dalili njema mwaka huu, maana nimetimiza miaka ishirini na sita.

Gurtej hakusema mengi. Alirudisha kikombe chake jikoni mwenyewe — wa pekee kati ya wale saba. Ana macho mazuri, nisijidanganye. Ameomba namba yangu ya simu, nami nimempa.

Jumatano, 17 Januari

Baba kaniita zizini. Amewauza nyati wawili, wale wenye maziwa mengi. Hakuniambia ni kwa ajili ya nini, na mimi sikuuliza. Alisema tu, "Jumamosi twende mjini Moga tukazitazame hizo pikipiki. Wewe ndiye unayezijua, Parneet."

Kweli nazijua. Tangu mguu wa Baba uvunjike, nikiwa na miaka kumi na mitano, mimi ndiye ninayepeleka maziwa kwa Shamsher ya babu, madebe mawili huku na mawili huku. Nimeshaifungua injini yake mara mbili na nikaifunga bila kubakiza nati. Halafu natumwa kumchagulia mtu mwingine pikipiki. Yeye apande, mimi nikae nyuma upande-upande, magoti pamoja, nishike mtandio usiingie kwenye gurudumu.

Basi nitamchagulia vizuri. Hilo ndilo ninaloliweza.

Jumamosi, 20 Januari

Duka la Shamsher kwanza. Muuzaji alikuwa akizungumza na Baba mwanzo hadi mwisho. Nikiuliza mimi, anamjibu Baba. Nilipouliza habari ya klachi, akamwambia Baba kwamba rangi nyeusi ndiyo inayopendwa. Baba akamwambia, bwana, mwendeshaji ni huyu. Alicheka, akadhani ni mzaha. Nikaipiga kiki, nikaondoka nayo, nikamwacha na kicheko chake.

Shamsher mpya! Taa ile ile ya duara, tangi lile lile lenye mistari ya dhahabu, na ule mlio. Dug, dug, dug, kifuani kabisa. Watoto wakatoka madukani. Wazee wa kwenye benchi wakageuka wote pamoja. Nakiri, nilijiona mtu. Lakini ni nzito, ukiigeuza mahali pembamba mikono inaomba msamaha. Ukifika kilomita themanini kwa saa vioo vinatetemeka, lori moja nyuma unaliona mawili. Breki ya nyuma inafikiri kwanza. Vidole vyangu viliendelea kuwasha robo saa nzima baada ya kushuka.

Kisha Nawab, ng'ambo ya barabara. Uzitazame kwa mbali huzitofautishi. Taa ya duara, tangi, spoku, bomba la moshi refu, hata kiti kimeshonwa vile vile. Kampuni yenyewe haina historia yoyote hapa, imeazima sura ya babu wa watu. Hilo linaniudhi kidogo. Ila ukiipanda! Klachi laini, kidole kimoja kinatosha. Vioo vimetulia. Mbwa alikatiza, nikakamata breki, ikasimama pale pale na mkia haukuyumba. Kiti cha nyuma ni kipana pia, mtu anaweza kukaa bila kuomba dua. Mlio wake ni wa chini, wa adabu. Hakuna mtoto aliyetoka dukani.

Jioni nimemwandikia Gurtej yote, pamoja na video. Amenijibu papo hapo. Aliwahi kuanguka na Shamsher ya rafiki yake, na mgongo wake na mitetemo haviivi chungu kimoja. "Wewe ndiye mjuzi," ameandika. "Tuchukue Nawab. Nitawaambia nyumbani mwenyewe." Nikamuuliza, nami nitaruhusiwa kuiendesha? Akajibu: alfajiri, kabla Baba Mkubwa hajaamka. Akaweka vicheko viwili.

Nimelisoma hilo mara sita. Nacheka, kisha siachi kulifikiria. Lakini hakuna mwanamume aliyewahi kuniita mjuzi. Nimefurahi, ndiyo. Nimefurahi kijinga.

Jumatatu, 29 Januari

Baba ametia saini. Nawab, nyeusi. Kwenye karatasi kuna jina la Gurtej, na anuani ya kijiji chao. Jina la Baba halipo popote, wala langu.

Mama hakupendezwa. Alisema sauti yake ni ndogo mno. Nikamwambia, Mama, pikipiki si mwimbaji. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto akicheza na kiberiti. Alisema watu wale wakisema yoyote, hawamaanishi yoyote, na kwamba ni adabu tu, mwenye akili anajiongeza. Baba akamkata: walisema wenyewe ni mamoja, Gurtej mwenyewe ameipenda, na Parneet hajawahi kukosea kwenye chuma. Mama akarudi kwenye unga wake.

Alhamisi, 8 Februari

Imefika jana jioni! Mama kamwaga mafuta mlangoni kwa baraka, akailisha taa yake sukari guru, akaifunga utepe mwekundu. Tumeilaza zizini, palipokuwa pa wale nyati wawili, na kuifunika mfarishi.

Alfajiri niliitoa. Dakika ishirini, hadi mfereji na kurudi. Ukungu, haradali ya manjano huku na huku, na mimi sitetemeki. Nililia kidogo. Si kwa huzuni, au labda, sijui. Pikipiki bora niliyowahi kuipanda, na si yangu.

Nimemuuliza Gurtej kama ameshawaambia kwao. Kasema kesho.

Ijumaa, 16 Februari

Nimemuuliza tena. Baba Mkubwa ana shughuli nyingi, anasubiri saa nzuri.

Saa nzuri! Kama mtu anayetaka kupasuliwa.

Jumamosi, 24 Februari

Mikono yote imejaa hina, naandika kwa kushikilia kalamu kama kijiko. Mjomba amenivisha zile bangili nyekundu na nyeupe za bibi harusi, akalia, akapiga picha, akalia tena. Wanawake wamenitania siku nzima. Shangazi anasema nisipowahi kuamka huko, mama mkwe ataniamsha kwa honi ya Nawab. Wakacheka sana.

"Umewaambia?" Nimeandika saa saba. Ameona. Hajajibu.

Jumapili, 25 Februari

Saa tano kasoro. Nipo chumbani juu, nimevaa kila kitu. Naandika kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Walifika saa nne, na ngoma, na tarumbeta, Gurtej juu ya farasi jike na shada la maua limemfunika uso. Tungekunywa chai, wazee wangekumbatiana, kisha twende gurdwara, hekaluni kwetu, tukafungishwe ndoa. Nawab ilikuwa imesimama langoni na shada lake. Baba aliipangusa mwenyewe tangu alfajiri, mguu wake ule anauburuta. Mimi nilikuwa dirishani hapa, nyuma ya pazia. Niliona yote na nikasikia yote, ua wenyewe ni mdogo.

Baba Mkubwa Balkar akaizunguka mara moja. Hakugusa kitu. Akaomba ufunguo. Akainua mkono na wapiga ngoma wakanyamaza, watu kama mia mbili wote kimya, kusikiliza. Akaiwasha.

Ikaunguruma kwa adabu yake.

Mtu mmoja wa kwao akauliza kwa sauti, "Hii ni pikipiki au cherehani?" Wakaangua kicheko. Hata watu wetu wengine walicheka, niliwaona. Nimewaandika kichwani.

Baba Mkubwa hakucheka. Aliizima. Akasema wao ni watu wa heshima, hawajaomba kitu, lakini kijana akiingia kijijini kwao, kijiji kizima lazima kisikie kwamba ameoa. Sasa nani atasikia hiki? Alimwambia Baba, "Bwana Nirvail, tulikwambia yoyote kwa kukuheshimu. Tulidhani unatujua."

 Mimi ndiye niliyechagua! Mimi na klachi yangu laini, vioo vyangu vilivyotulia. Nilipima kila kitu isipokuwa kile kimoja walichokuwa wakikitaka, kelele. Mama alijua, na unga wake mikononi.

Baba akasema, "Kosa ni langu. Nilichagua mimi. Binti hahusiki."

Hajui kusema uongo, uso wake wote ulikuwa mwekundu. Baba Mkubwa akasema hapana, anataka kusikia pia kwa bwana harusi. Akageukia upande wa farasi. "Gurtej, wewe ulijua habari hii?"

Nikasema moyoni, sasa. Sema sasa. Neno moja tu, mzee wangu anasimama peke yake pale.

 Sauti ya Gurtej ikatoka nyuma ya maua, ndogo kuliko ya Nawab.

"Sikujua lolote, Baba Mkubwa. Mimi ningechukua Shamsher."

Baba aliinua kichwa akamtazama.  Naye anajua, nilimwambia mwenyewe kwamba Gurtej ameipenda. Angeweza kusema.  Badala yake akakivua kilemba chake, kile cha waridi ambacho alikifunga saa nzima mbele ya kioo, akainama na mguu wake mbovu, akakiweka miguuni pa Balkar. Kichwa wazi, nywele nyeupe chache, mbele ya watu wote. Sijawahi kumwona Baba kichwa wazi nje ya nyumba. Mama alijifunika uso.

Baba Mkubwa alikiacha chini kwa muda. Alitaka kionekane. Kisha akakiokota, akamrudishia, akamkumbatia, akasema sisi sote ni ndugu. Shamsher ifike kwao ndani ya wiki moja. Hii Nawab wataichukua leo hivyo hivyo, isije ikasemwa kwamba walirudisha zawadi. Watu wakapumua. Ngoma zikaanza. Imekwisha, wanasema. Imekwisha vizuri!

Wakati Baba bado anajifunga kilemba pale uani, simu yangu ikalia. Gurtej. Nikachungulia: yuko juu ya farasi, kichwa kimeinama, mwanga wa simu chini ya maua.

"Usikasirike. Hukuona hali ilivyokuwa? Futa meseji zetu zote. Shangazi zangu watashika simu yako ukifika."

Shangazi zake watashika simu yangu. Ukifika.

Nimekaa. Bangili hizi zinagongana kila ninapoandika, nachoka nazo. Shangazi amepita mara mbili kuniambia nishuke. Nimemwambia namsubiri Baba.

Baba amekuja. Kilemba kimekaa upande, amekifunga bila kioo. Alijaribu kutabasamu, akaniuliza kama nimekula chochote. Nikamwambia nimeona. Akasema, "Ni pikipiki tu, mwanangu. Nyati wapo wengine." Akasema kijana ni mdogo, ameogopa, mtu akiogopa husema lolote. Anamtetea! Amemtetea kuliko yule alivyomtetea yeye.

 Nilifungua simu, nikarudisha nyuma mpaka tarehe ishirini Januari, nikampa.

Hana miwani. Ameketi kitandani kando yangu, juu ya mtandio wangu, anapapasa mifuko, huu, ule. Mama yuko mlangoni, anauliza kuna nini, watu wanasubiri, chai inapoa. 

Ameipata. Anasoma polepole, kwa kidole, midomo inacheza. Baba hajawahi kuruka neno akisoma. Chini wameanza kuniita kwa jina.

Ameinua kidole. Anaurudia kutoka mwanzo ule mstari wa “Tuchukue Nawab.”