Waldemar Olascoaga na Santuri ya Mpakani

Mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Waldemar, asubuhi ya Alhamisi, mwezi wa Juni, maji ya chai yako ya yerba mate yakiwa bado moto kwenye chupa. Daktari alisema mshipa wa ubongo ulipasuka na kwamba hukusikia maumivu. Tumeamua kumwamini, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kutudanganya.

Ulifundisha jiografia hapa Rivera, mpakani mwa Uruguay, kwa zaidi ya miaka thelathini. Wanafunzi wako wanakumbuka kwamba uliwataka wachore ubaoni mipaka ya nchi zote za bara letu kwa kichwa, na kwamba aliyeisahau Paragwai alifuta kila kitu akaanza upya kutoka Kolombia. Hukuwahi kumfokea mtu. Ulisimama tu ukingoja, mikono nyuma, na kungoja kwako kuliogopwa kuliko makelele ya walimu wengine.

Nyumbani ulikuwa na rafu moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuifuta vumbi. Ilikuwa ya Los Azahares, wale waimbaji wanne wa Rosario, Argentina, ambao vijana wa rika lako walicheza nyimbo zao katika kila harusi. Mgeni aliyedhani umenunua santuri ileile mara nyingi alikalishwa kitini akaelezwa. Kila nchi ilitoa mkusanyiko wake wa nyimbo zao bora, na hakuna miwili iliyofanana. Peru walitanguliza wimbo wa polepole. Venezuela waliuondoa kabisa. Meksiko walibadilisha majina ya nusu ya nyimbo. Chile waliigeuza picha ya jalada, mpiga gitaa akawa wa shoto. Ulizipanga kutoka kaskazini hadi kusini, na kabla ya kushusha sindano uliita jina la nchi kama unaita mahudhurio darasani.

"Ekuado!"

Nibia, mkeo, aliitika kutoka jikoni, "Yupo, mwalimu!"

Rafu hiyo hukuianza peke yako. Uliianza na mdogo wako Ariel, mkingali vijana. Ariel alipooa alivuka barabara iliyo mpaka wetu akaenda kuishi Livramento, upande wa Brazili, jambo ambalo kwetu halihesabiwi kuwa kuhama: mkate tunanunua upande mmoja wa mtaa na nyama upande wa pili. Mkagawana kazi. Wewe ulitafuta mikusanyiko ya nchi za Kihispania, yeye ile ya Brazili, na Jumapili alikuja na alichopata mkasikiliza pamoja.

Kisha mkaipata ile moja. Ilikuwa katika stoo ya duka lililofungwa, pale pale mpakani. Jalada lake lilikuwa la Kireno, limechapwa Porto Alegre. Karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri ilikuwa ya Kihispania, na ilisema imetengenezwa Montevideo. Watu wengine wangefurahi. Ninyi mliulizana ikae wapi kwenye rafu.

"Santuri ni ya pale inapotengenezwa," ulisema. "Hii ni ya Uruguay."

"Kaka, santuri ni ya anayeinunua. Nani hapa Rivera angenunua jalada la Kireno?"

"Wewe."

"Mimi nakaa Brazili."

"Wewe umevuka barabara tu, Ariel. Hata viatu hukulowesha. Usijifanye umesafiri."

"Na wewe miaka yote unachora mpaka ubaoni, leo umeushika mkononi huutambui!"

Mvua ilikuwa inanyesha, na Nibia alikuwa jikoni anakaanga maandazi bapa kama ilivyo desturi siku ya mvua. Alicheka, akijua ni utani wenu wa kila Jumapili. Alipoingia na sahani, Ariel alikuwa ameshaondoka na santuri, nawe umebaki umeshika jalada. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na ushahidi wa mwenzake. Nibia aliwaambia hivyo, wewe hapa na yeye kwake. Hakuna aliyeona cha kuchekesha.

Miaka sita hamkusemezana. Tunaliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu katika mambo mengine yote ulikuwa mtu mpole. Dawa ya kisukari ya jirani yetu, bibi Sirley, ilipokosekana upande wetu, ulivuka kila wiki kumchukulia, mpaka alipofariki. Duka lile la dawa liko milango mitatu kutoka kwa Ariel. Alikuwa akikuona dirishani. Ametuambia kwamba kila ulipopita aliongeza sauti ya gramafoni ili usikie. Ulisikia. Ulirudi ukamwambia Nibia kwamba mtu yule hasafishi sindano yake.

Nibia alitaka jambo moja tu, mkae meza moja kabla mmoja wenu hajamzika mwenzake. Aliwaambia kwa maneno hayo hayo, bila kuyapunguza. Mwaka jana, mwezi wa Machi, Ariel alikubali, nawe ukakubali kwa namna yako.

"Aje. Lakini tungoje kidogo."

"Tungoje nini tena, baba Ivonne?"

"Kuna mzee yuko Montevideo, alifanya kazi kile kiwanda kilichotengeneza santuri. Nimepata namba yake. Nimeacha ujumbe. Siwezi kukaa na Ariel bila jibu mkononi. Unamjua alivyo."

"Namjua. Nawajua wote wawili. Mnataka mashahidi kabla ya supu."

Ulicheka, lakini uliendelea kungoja. Yule mzee alikuwa amelazwa na hakurudisha simu. Aprili ikapita, Mei ikapita. Nibia akachoka, akapanga mwenyewe: Jumapili ya katikati ya Juni, jibu liwepo lisiwepo. Ariel alisema atakuja na santuri. Ulifariki Alhamisi iliyoitangulia.

Alikuja Ijumaa, nyumba ikiwa imejaa watu, santuri akiwa ameifunga ndani ya foronya. Alimwuliza Nibia jalada liko wapi, akaiingiza santuri ndani yake, kisha akasimama mbele ya rafu.

"Shemeji, niiweke wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sasa nimuulize nani?"

Aliilaza juu ya zile nyingine, na hapo ndipo ilipo hadi leo.

Yule mzee wa Montevideo alipiga simu baada ya mazishi, akiwa ametoka hospitali, akaomba radhi kwa kuchelewa. Nibia hakumwambia kilichotokea mpaka alipomaliza kueleza.

"Majalada yetu yaliisha, mama, tukaletewa ya Porto Alegre. Tulipakia lori moja tu, tukaambiwa zigawiwe mpakani."

"Upande upi?"

"Pande zote. Ile si barabara moja? Nani angekaa kuhesabu zimevuka ngapi?"

Jibu lilikuwa hilo. Halikuwa na ushindi ndani yake kwako wala kwa Ariel, na lingeweza kupatikana mwaka ule ule wa kwanza. Nibia alivuka barabara akampelekea Ariel. Ariel alipandwa na hasira.

"Mzee huyo naye! Miaka yote hii alikuwa wapi?"

"Alikuwa kwake, shemeji. Hakuna aliyempigia."

Siku hizi Ariel anakuja Jumapili, na bintiyo Ivonne naye akiweza kutoka Montevideo. Tunasikiliza santuri zako. Ariel anatoa hoja, kwamba ya Bolivia ilirekodiwa vibaya, kwamba ya Peru imesifiwa kupita kiasi, halafu anangoja apingwe. Nibia amejaribu kumpinga. Lakini hajui miaka wala viwanda, na Ariel anamshinda upesi, kisha anakaa kama aliyeshindwa yeye.

Tunajuta, Waldemar. Hatusemi kwamba ulikosea kutaka kujua, maana ndivyo ulivyoishi na ndivyo ulivyotufundisha. Tunajuta kwamba mlingoja kujua ndipo mle pamoja, wakati chakula hakikuhitaji jibu lolote.

Wiki iliyopita Nibia aliketi na Ariel kuandaa tangazo hili. Hapa kwetu, kama unavyojua, kila ndugu huandikwa pamoja na nchi anayoishi, kwa kuwa jina moja linapatikana pande zote mbili za mtaa.

"Kwako niandike Livramento, Brazili?" aliuliza Nibia.

Ariel alichukua muda mrefu kwa mtu anayeijua anwani yake.

"Andika mdogo wake," alisema. "Nchi usiiweke."

Kwa hiyo hatukuiweka kwa yeyote.

Wanaokukumbuka ni mkeo Nibia, bintiyo Ivonne na mdogo wako Ariel.

Hatutaacha kukukumbuka, siku zote.