Kuku Uliowaita Masista

Nkuhungu, Dodoma
9 Aprili 1995

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umetulia baada ya kazi ya kufukuza ndege kwenye mpunga. Baba naye mpe shikamoo yangu. Sisi huku tunapumua. Ruthu ananyonya vizuri na ameanza kucheka. Usingizi ndio sina, lakini hilo unalijua. Restuta, wewe unayemsomea Mama, soma kama nilivyoandika, usilainishe neno.

Mama, Jumanne iliyopita yule mtetea mmoja aliyebaki ametaga. Yai la kahawia, na mstari mwembamba wa damu kwenye ganda, kama mayai ya kwanza yalivyo. Nililishika likiwa bado na joto, nikakaa palepale bandani nikalia. Kisha nikakasirika, na hasira hiyo mpaka leo haijanitoka.

Ulipokuja kuniuguza uzazi nilikueleza habari za kuku hawa, tena siyo mara moja. Nilikwambia kwamba Bwana Matonya, aliyekuwa bwana mifugo kabla hawajapunguzwa kazini yeye na Daudi wangu, alinipa vifaranga saba akanionya nisiwalinganishe na wale chotara wanaoletwa na mabasi kwenye makatoni siku hizi kila mtu anapojiuzia anachotaka. Chotara hutaga upesi, lakini ukiangua mayai yake vifaranga havifanani na mama, na kesho unarudi tena kununua. Hawa ni mbegu safi. Alisema nisubiri miezi minane, nisisikilize maneno ya watu. Mimi nikasubiri. Pumba nilikuwa naibeba kichwani kutoka mashineni, na mimba tumboni.

Wewe hukusubiri. Uliwatazama ukacheka, ukasema mwanangu umefuga masista, wamevaa vizuri, wanakula vizuri, kuzaa hawana habari. Nami nilicheka, maana kidonda cha kujifungua kilikuwa bado kinauma na kicheko chako kilinipa nguvu. Sikujua kwamba kisu umeshakinoa. Stara wa nyumba ya pili alipokuuliza mbona unawamaliza kuku wa mwenyewe, ulimjibu kwamba mtetea asiyetaga ni mgeni anayekula bila kushika jembe, na kwamba mzazi hanywi maneno ya bwana mifugo, anakunywa supu.

Ulichinja watano. Kila ulipompasua mmoja uliona kishada cha viini tumboni, kimoja kikubwa kama cha yai lililochemshwa, vingine vikishuka mpaka udogo wa punje ya uwele. Mama, umefuga kuku tangu ujana wako. Lakini ulitoka ukawaambia wanawake bombani kwamba mayai yamekwama, kuku wana ugonjwa, ndiyo maana ni tasa. Dorothea, ambaye tulichukua naye vifaranga siku moja, alisikia akachinja wake wote wiki hiyohiyo. Na Bwana Matonya alikwisha kuuza kuku wazazi ili ahame. Kwa hiyo mbegu yote imebaki kwangu, mtetea mmoja na jogoo mmoja. Huyo mtetea naye alipona kwa sababu tu mpunga wako uliiva, nawe ukakimbilia Bahi.

Sasa nikuambie kinachoniuma kuliko kuku. Miaka minne nilikaa nimeolewa bila mtoto. Shangazi zake Daudi walikuja mpaka kwako kusema nirudishwe. Wewe ndiye uliyesimama mlangoni ukawaambia mtu hachunguliwi kama chungu jikoni, wakae wasubiri. Mimi nilikuwa ndani nasikia. Mwenye mdomo ule, Mama, ameshindwaje kusubiri wiki chache kwa ajili ya kuku wangu?

Nimeandika hivyo na ni kweli, lakini siyo kweli yote. Kuna jambo nimelificha.

Bakuli la kwanza sikujua. La pili uliniwekea vile viini juu ya nyama, ukasema kula, vinaleta maziwa. Nilivitazama nikajua. Nilijua kwamba siyo ugonjwa, ni kuku aliyebakiza wiki chache atage. Ningeweza kusema neno moja ukaacha. Sikusema. Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda unapoza supu kwa pumzi yako, unaninywesha kijiko kwa kijiko, na tangu nilipopelekwa kulelewa kwa bibi nikiwa na miaka sita hujawahi kunilisha kwa mkono wako. Niliogopa nikikukemea utakasirika ufungashe. Basi nikanyamaza, ukachinja wa tatu, wa nne na wa tano, na wote niliwala nikijua. Daudi anakulaumu wewe peke yako, nami nimemwacha akulaumu hadi jana, nilipomweleza. Alichukua nyundo akaenda kukaza mlango wa banda.

Hasira yangu kwako iko palepale, Mama. Sikuipunguza kwa kukiri.

Ubatizo wa Ruthu ni Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Njoo. Tutakula wali na maharage, na mtu asiniulize kuku. Lakini kabla hujafika kwangu, pita kwanza kwa Dorothea, umwambie kwa kinywa chako kwamba kuku wake hawakuwa tasa, na kwamba mwanao alijua akanyamaza. Mayai ya mwanzo ya kuangua nimeahidi kumpa yeye. Ukitoka huko, Ruthu atakuwa ameoga anakungoja, nami nitakupikia uji kwa mkono wangu.

Wasalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Anyesi