Mbuzi wa Wimbo wa Nne

Jumatatu, 3 Juni 2024

Redio imepiga albamu yangu yote asubuhi. Ya kwanza, na ya pekee. Miaka ishirini na moja tangu niirekodi! Mtangazaji akasema bila Adero hakungekuwa na wimbi jipya Kisumu – kinanda cha umeme, ngoma za mashine, Kiswahili chetu cha huku. Chai ikanipolea mkononi. Kisha akauliza wasikilizaji wanapenda nini zaidi. Wote waliopiga simu walisema mbuzi.

Mbuzi wa jirani, pale Mamboleo. Alilia nje ya dirisha la studio nikiimba wimbo wa nne, ule wa mchumba aliyeniacha. Opiyo wa kinanda alikataa turudie. Hisia ni hisia, alisema.

Jumatano, 5 Juni

Opiyo amepiga simu. Hoteli moja Milimani inataka tuimbe albamu nzima Jumamosi. Sijapanda jukwaani tangu nimzae Beldina, na sasa yuko chuo. Nimelia kidogo, jikoni.

Sharti lao moja – mbuzi awepo.

Ijumaa, 7 Juni

Siku nzima sokoni Awasi, tukisikiliza mbuzi. Opiyo anawawekea wimbo kwa simu, anangoja. Wa kwanza, besi sana. Wa pili analia mapema. Mwenye mbuzi huyo, Mzee Obonyo, akauliza tunataka wa maziwa ama wa kuchinja.

"Wa kuimba, Mzee."

Akamwondoa mbuzi wake polepole.

Jioni tukapata jike mweupe. Nikaimba beti mbili, akalia palepale panapostahili. Soko likampigia makofi. Mimi hakuna aliyeniangalia.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nyuma ya jukwaa. Tumeimba nyimbo tatu. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa nilipozirekodi wanajua kila neno. Sauti yangu bado imara. Nilikuwa karibu kufurahi kabisa – halafu wakaanza kuita, na si jina langu.

Mbuzi amelala, anatafuna maua niliyoletewa. Opiyo amembembeleza kwa Dholuo. Kimya.

"Adero, unakumbuka yule wa Mamboleo alivyolia?"

Nakumbuka.

"Hebu jaribu."

Nimejaribu. Beldina, akinifunga zipu, amesema, "Mama, kwa pua zaidi." Nimejaribu tena.

Ukumbi umesikia. Makofi kama haya sijawahi kupigiwa. Opiyo ameshika kipaza sauti, ananiuliza atangaze nani –