Sauti ya Mratibu

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ndiye ninayeongea. Haya, nimeliandika. Simu zote tangu shangazi atoke hospitali si zake, ni zangu. Sijamwambia mtu, hata baba. Shangazi anajua kwa sababu anakuwa hapo hapo kitandani, akiniongoza kwa vidole na macho.

Walimtoa uvimbe kooni, sauti ikaondoka nao. Madaktari walisema itarudi. Siku hizi hawasemi hivyo tena. Sasa siku moja simu yake ikaita, nikapokea, nikasema haloo tu — akaanza kufoka yule mtafiti wa mabwawa ya chumvi, ambaye humu ndani tunamwita Bwana Chumvi. Daktari (ndivyo wanavyomwita shangazi, kwa shahada yake), umepotelea wapi? Mafua gani haya yasiyokwisha? Tangu utotoni watu wanasema sauti yangu na ya shangazi huwezi kuzitenganisha. Nilitaka kumwambia mimi si yeye. Mdomo ukagoma! Shangazi akachukua ubao wake mdogo mweupe, akaandika: *Endelea.*

Mimi. Ambaye mwalimu akiniuliza swali nilikuwa natokwa na machozi. Ambaye dukani nanyoosha kidole badala ya kuomba.

Lakini nikiwa yeye, naongea. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Anachotaka shangazi ni watafiti wa vijidudu nchi nzima wafanye kazi pamoja. Wa udongo, wa maziwa, wa misitu, wa mabwawa ya chumvi, wa mitaro ya majitaka. Kila mmoja amezoea kuchota kivyake na kuhifadhi kivyake, matokeo yao huwezi kuyalinganisha. Anataka wachote msimu mmoja, kwa njia moja, na sampuli ziwe za wote. Ijumaa ya wiki ijayo watakubaliana au watavunja. Na wenyewe hawapikiki chungu kimoja! Wanamsikiliza yeye tu. Wakijua hali yake, uratibu utakwenda kwa mkuu wa idara yake, na huyo anataka sampuli zote zikae chumbani kwake, ufunguo mfukoni mwake. Nusu yao watajitoa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunasema ni mafua, kama shangazi alivyowaandikia mwanzo. Na kwamba mtandao wa kwetu haubebi picha.

Jumatano, 5 Machi

Nimeharibu.

Friji ya sampuli za majaribio za shangazi iko ukumbini kwetu. Baba, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji, aliifufua mwenyewe, akaibandika karatasi: SI CHAKULA. Leo nilikuwa nimeinamia humo nahesabu vichupa vya udongo Bwana Chumvi alipopiga. Shangazi alikuwa amelala. Ningengoja aamke. Sikungoja.

Akaniuliza habari ya vichupa vitupu. Kila kundi linapewa vichache visivyotiwa kitu: unakifungua pale pale mnapochota, unakifunga, unakirudisha kwenye barafu. Bwana Chumvi akasema watu wake wanacheka. Wabebe hewa juani siku nzima, kikasha chenyewe kimejaa? Daktari, kweli kabisa, tunatunza hewa?

Alikuwa anacheka, nami nikataka anipende. Nikasema sawa, viacheni.

Akashangaa. Akasema atawaarifu na wenzake.

Shangazi alipoamka nilimwambia kwa furaha kabisa, kama niliyemaliza kazi. Uso wake! Akaandika kwa nguvu mpaka kalamu ikalia kwenye ubao: *Bila kitupu utajuaje kilichotoka ardhini na kilichotoka mikononi mwako?*

Akafuta. Akaandika: *Vijidudu viko kila mahali. Hata kwenye pumzi yetu. Kichupa kitupu ndicho kinachotusema sisi.*

Akageukia ukutani. Nimekaa jikoni nimelia kimya kimya, maana hata kulia kwa sauti naogopa atasikia sauti yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewapigia wote. Mmoja mmoja. Shangazi kanikalia mbele kama msimamizi wa mtihani.

Wengine walisema tu haya. Mama Majitaka (anachota kwenye mitaro ya mji mkubwa, mcheshi sana) akasema yeye hakuacha chochote, alijua ni homa ndiyo iliyoongea.

Bwana Chumvi nikamweka mwisho. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu. Yakapotea yote. Nikasema: nilikosea jana, nilitaka kukufurahisha, nisamehe.

Nikadhani kakata.

Kisha akasema: Daktari, miaka yote hii tunagombana, leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukisema umekosea. Akacheka, lakini si kile kicheko cha kunicheka. Akasema watabeba hewa yetu, na kivuli wataitengenezea.

Nilipomweleza shangazi mabega yake yakaanza kutikisika. Nikaogopa — kumbe anacheka! Bila sauti, machozi yanamtiririka. Akaandika: *Umeniharibia jina. Sasa watajua nina moyo.*

Nikacheka naye. Sauti ikatoka moja tu.

Jumapili, 9 Machi

Hii sitaki kuiandika, lakini nisipoiandika sitalala.

Mchana nilikuwa naongea na watu wa misitu, mlango wa chumba cha shangazi umerudishwa. Baba akaingia kutoka kazini. Hatukumsikia. Yeye akasikia.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. "Dada! Dada, imerudi!"

Sijawahi kumwona baba hivyo. Mfuko wa vifaa umemponyoka, mikono ameinyoosha kama mtoto anayetaka kubebwa. Akamtazama dada yake kitandani, amefumba mdomo. Akanitazama mimi na simu sikioni. Mtu wa misitu anaita, Daktari, Daktari, unanisikia?

Nikasema ninakusikia. Kwa sauti ile ile. Mbele ya baba.

Baba akainama kuokota bisibisi na koleo. Aliokota polepole sana, kimoja kimoja. Shangazi akamgongea ubao apate kumtazama, naye hakugeuka.

Jioni akanikuta nafua. Nikangoja anigombeze. Akasimama tu, anasokota kipande cha waya. Akasema, "Nilidhani ni yeye." Basi. Baadaye kidogo akasema, "Nilipokuwa pale mlangoni, mwanangu, nilikuwa nimeshapona mimi."

Jumanne, 11 Machi

Amerudishwa hospitali. Hawezi kukaa. Ubao namshikia mimi, herufi zinapanda na kushuka.

Ameuliza mkataba wa sampuli umefikia wapi. Nikamwambia wameshausoma wote, imebaki Ijumaa. Ameuliza mkuu wa idara. Nikamwambia alipiga, anataka kuja kumwona, nikamjibu "mimi sijambo". Akafumba macho, nikaona amefurahi.

Kisha: *Wakishakubali, waambie.*

Nikauliza niwaambie nini. Kwamba unaumwa?

*Wewe ni nani.*

Nikamwambia sitaweza. Nikiwa mimi siwezi kuongea na watu, shangazi, unajua hivyo. Akataka kuandika tena. Kalamu ikamteleza, nikairudisha kidoleni, ikateleza tena. Nesi akasema nimwache apumzike.

Ijumaa, 14 Machi

Shangazi amefariki asubuhi.

Baba alikuwa naye. Mimi nilikuwa nimetoka kununua maji. Nimerudi na chupa mbili, moja yake.

Sijalia. Nangoja, hakuji kitu.

Nyumba imejaa. Majirani wanaingia, viti vinahamishwa, mtu kaegemea friji ya vichupa na hakuna aliyemwambia atoke. Baba amenivuta pembeni. Macho mekundu. Akasema wale watu wa shangazi yako watakusanyika kwenye simu saa kumi, uwaambie mwenyewe, wasije wakasikia barabarani. Nikaitikia. Akanishika kichwa. Akasema, "Kwa sauti yako." Ninayo moja tu.

Nimejifungia chumbani kwake. Saa kumi nikafungua mstari. Nilikuwa nimeshaliweka neno mdomoni. Nilivuta pumzi, nikasema habari za mchana —

Bwana Chumvi akanikatiza. Daktari, samahani, kabla hujaanza. Akasema sisi wa chumvi tumekubali. Sampuli ziwe za wote, ufunguo usiwe wa mtu. Akasema wenzake walitaka kukataa, ila yeye amewaambia: tangu siku ile aliponiomba radhi, nimesema na mtu huyu ninaweza kufanya kazi.

Mtu huyu.

Wa misitu wakasema nasi pia. Wa maziwa wakakubali. Wa udongo wakakubali. Wanapokezana haraka haraka kama wanaogopa mmoja atabadili mawazo. Mkuu wa idara yumo, kakohoa, kasema yeye ana maoni madogo kuhusu mahali pa kuhifadhi; wakamzomea kwa adabu mpaka akanyamaza. Wanacheka! Wote pamoja! Shangazi hakuwahi kuwasikia wakicheka pamoja.

Amebaki Mama Majitaka. Akauliza, Daktari, leo umekula? Taratibu sana. Hajawahi kuniuliza hivyo. Nadhani anajua, au anajua nusu. Nikasema bado. Akasema haya, mama, nami nimekubali, sema neno la mwisho tuweke sahihi.

Nimezima maikrofoni. Ndiyo maana naandika, kalamu inachana karatasi. Nikisema sasa hivi, mkuu wa idara atarudi na maoni yake kabla hawajaweka sahihi. Nikingoja waweke sahihi, watakuwa wamekubaliana na mtu ambaye hayupo. Aliniambia wakishakubali. Wamekubali au hawajakubali? Ningemuuliza nani?

Wanasema: Daktari, tunakusikiliza. Daktari, umepotea? Mtandao huo.

Nje ya mlango huu wanaulizana mazishi ni lini. Ndani ya simu shangazi bado mzima, ameshinda, wanamngoja aongee. Sitaki kutoka huko.

Usimwambie mtu. Wewe karatasi, nakuomba, usimwambie yeyote kwamba hapa nilikaa, nikamwacha akaishi kidogo zaidi. Nabonyeza sasa. Sijui itatoka sauti ya nani